Sahihi ya Fundi Rangi

9 Januari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umeinama juu ya kochi la mtu, misumari mdomoni, na wifi amesimama mlangoni anakugombeza kwamba iko siku utaimeza. Mwambie namsalimu sana. Simu ingekuwa rahisi zaidi, lakini wewe mwenyewe ulisema simu unaisikia kama nyuki ndani ya kopo, na jambo la leo sitaki lipite mdomoni mwa mtu mwingine.

Sisi hatujambo. Mafua ya mume wangu, shemeji yako, yamekwisha. Anapika, anafua, anampeleka mtoto shule, kisha anakaa na vitabu vyake vya ufundi umeme. Majirani wanamwita mama mwenye nyumba, naye anaitika. Mimi bado niko maabara ya maji ya jiji. Kila asubuhi naletewa chupa kutoka mitaa yote, nazipima moja moja, na nikitoka hapo hata glasi ya maji ya nyumbani naitazama kwa jicho la mashaka. Chiriku jina lake limemfuata hadi huku: mwalimu ameandika kwenye ripoti kwamba darasani mtoto huyu anaongea kuliko mwalimu. Ametimiza miaka tisa, Kaka. Meno ya mbele yameota makubwa kama ya marehemu mama yake. Akicheka ghafla, mara nyingine nusura nimwite kwa jina la dada.

Sasa niseme kilichonishikisha kalamu. Vibali vyetu vya kuishi hapa vinaisha tarehe thelathini na moja Mei. Wiki iliyopita tulikwenda idara ya uhamiaji kuomba viongezwe. Ukumbi mkubwa, viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, kila mtu na tiketi yake ya foleni na faili lake kifuani kama mtoto mchanga. Tuliitwa dirisha namba saba. Yuko mama mmoja wa makamo, miwani yake ina mnyororo, anasoma kila karatasi mpaka upande wa nyuma. Changu sawa, cha shemeji yako sawa. Alipofika kwa Chiriku akasita.

“Huyu ni mtoto wako?”

“Ni wa marehemu dada yangu. Namlea tangu ana miaka minne.”

“Baba yake?”

Nikampa kile kiapo chako cha miaka mitatu iliyopita, kile ulichosema mbele ya wakili kwamba baba wa mtoto hajulikani alipo. Akakisoma mara mbili.

“Hiki kilitosha wakati ule. Utaratibu umebadilika. Sasa nataka moja kati ya mawili: hukumu ya mahakama inayokupa malezi, au idhini ya baba, ametia sahihi mbele ya wakili.”

“Nikikosa vyote?”

“Vyako na vya mumeo vitatoka. Cha mtoto hakitatoka.”

Alisema bila ubaya, ila alisema. Basi nakuuliza, Kaka. Yule fundi rangi, baba yake Chiriku, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kusikia yuko wapi? Uliza kwa mafundi wenzako. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Kitinda

*

2 Februari

Kwako Kitinda,

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya kochi la mteja, na wifi yako amenipiga picha ili siku nikikana awe na ushahidi. Yeye mzima, ila goti lake linambishia kila akipanda ngazi. Kazi zipo. Wiki hii nimefungua kochi la bibi harusi mmoja wa zamani, ndani ya spongi nimekuta vijiko, kalamu na meno ya bandia. Nimempelekea, akayakana. Mumewe akayakubali.

Umefanya vizuri kunieleza. Nimekwenda mahakamani kumwona karani. Anasema kesi ya malezi inawezekana, lakini foleni ni ndefu. Mwaka, pengine zaidi. Mimi nasema tuifungue hivyo hivyo. Waambie hao watu wa dirishani wasubiri, sheria si moto wa mabua.

Yule mtu usimtafute. Mtu aliyeshindwa kuja kumzika mkewe hana sahihi ya kutupa sisi.

Mbusu Chiriku. Mwambie mjomba amemshonea mto wa kitambaa cha maua, utafika ukipata mtu wa kuuleta.

Kaka yako

*

26 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Pole ya goti mwambie wifi, na ya meno ya bandia mwambie mwenyewe.

Nimerudi dirisha namba saba. Nimeuliza kama watasubiri mahakama. Mama yule akafungua kitabu chake, akanionyesha kifungu, akanisomea polepole kana kwamba mimi ndiye mtoto. Hawasubiri. Ikifika Juni mosi bila karatasi, mtoto anahesabiwa yupo nchini bila kibali. Nilipogeuka kuondoka akaniita: “Mama, mahakama ni ndefu. Kama baba yupo hai, mtafuteni baba.” Hakulazimika kuniambia hilo. Nimelishika.

Kaka, nimeisoma barua yako mara nyingi. Mimi sikukuuliza kama yule ni mtu mwema. Nilikuuliza kama unajua alipo. Hilo hukunijibu.

Hapa wote wazima.

Kitinda

*

30 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mwezi umepita. Nimempigia wifi, akasema uko salama na unakula, kisha akatafuta maneno, akakosa, akaniambia nikuandikie tena. Basi naandika.

Nilikuambia hapa wote wazima. Ni wazima wa mwili. Jumamosi nilikuwa natafuta koti la Chiriku, nikavuta begi lake la shule la mwaka jana chini ya kitanda. Zito. Ndani amepanga nguo zake, mswaki na picha ya mama yake ameifunga kwenye soksi. Kumbe siku zote tunazonong’ona jikoni, masikio yake yako ukutani. Nikamuuliza hii nini.

“Nitakaa kwa mjomba,” akaniambia. “Nyinyi bakini. Kazi yako usiiharibu kwa sababu yangu.”

Alisema taratibu, amejiandaa. Na ni mtoto ambaye hajawahi kumaliza kikombe cha chai bila kusimulia habari tatu. Tangu siku hiyo ananyamaza mezani. Shemeji yako amejaribu kila kichekesho anachokijua, mpaka kile cha kuvaa sufuria.

Jambo la pili ambalo sikukuambia: nimekwisha andika barua ya kuacha kazi. Iko mfukoni mwa koti langu jeupe la maabara. Sijaipeleka. Lakini mtoto huyu hatapanda ndege peke yake maadamu nina pumzi. Akirudi, tunarudi wote watatu, na kazi hii niliyoisomea tangu ujana naiacha hapa na chupa zake.

Sikulaumu. Nakuomba tu unijibu.

Kitinda

*

14 Aprili

Kitinda, mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii nimeianza mara nne. Wifi yako amekaa mbele yangu, amesema haondoki mpaka niimalize.

Niliposoma habari ya begi, niliweka nyundo chini. Nitakueleza kama lilivyokuwa, halafu utanihukumu.

Baba yake Chiriku ninajua alipo. Siku zote nimejua.

Dada alipougua, mumewe alikuwa mbali, anapaka rangi jengo ambalo mkataba wake ulikuwa haujaisha. Nilimlaani kila siku kwa kutokuja. Tukazika bila yeye. Wewe ukaondoka kesho yake na mtoto kurudi kazini kwako kwa wakati ule, kabla hamjahamia huko. Siku ya tatu akatokea mlangoni kwangu, rangi nyeupe bado iko kwenye nyusi zake, anauliza mkewe yuko hospitali gani. Hospitali gani, Kitinda! Hakuwa na habari. Nikamwambia mkeo yuko kaburini, na mtoto hapa huna. Nikafunga mlango.

Miezi baadaye wifi yako akaniambia kweli yote. Dada mwenyewe ndiye aliyemwambia asirudi mpaka kazi iishe. Alimwambia ni homa tu. Alidhani atapona. Hapo ndipo ningemtafuta nimwombe radhi, na sikumtafuta, kwa sababu nilishaona aibu, na aibu yangu nikaivalisha hasira ili watu wasiitambue.

Yeye ndiye aliyenitafuta mimi. Kila akimaliza jengo alikuja karakana, akasimama nje, hakukanyaga kizingiti. Aliomba anwani ya mtoto. Sikumpa. Basi akawa ananiachia barua: “Mpelekee tu.” Nikazitia kwenye droo ya cherehani. Alikuja mwezi mmoja kabla sijaapa mbele ya wakili kwamba hajulikani alipo.

Wiki iliyopita nimemfuata. Yuko mwendo wa nusu siku kutoka hapa, anapaka wodi mpya ya hospitali. Nilimkuta juu ya ngazi, anamalizia pembe ya dari kwa brashi ndogo. Akaniona, akashuka, akafuta mikono kidole kwa kidole. Nilidhani atanipiga. Ningemwacha.

“Mtoto yu hai?” akaniuliza. Hilo ndilo la kwanza.

“Yu hai. Mzima kabisa.”

“Anaongea?”

“Hanyamazi.”

Akacheka, na katikati ya kicheko akakaa chini juu ya ndoo ya rangi akafunika uso. Nami nilisimama pale kama fundi aliyesahau vifaa vyake. Baadaye akauliza: “Barua zangu anazisoma?”

Ningeweza kusema uongo wa mwisho. Nilikuwa nimekuja kuomba, na mwombaji hutafuta maneno matamu. Lakini nilishachoka, Kitinda. Nikasema: “Hata moja sikumpelekea. Makosa ni yangu tangu siku ile ya mlango. Nisamehe.”

Wenzake wawili ng’ambo ya wodi wakaacha kupiga plasta. Yeye akafuta uso, akasema, “Umekuja kuomba nini?” Nikamweleza habari ya idhini. Nikamwambia pia kwamba akitaka mtoto arudi kwake, ni haki yake, siwezi kumzuia tena.

“Nimrudishe kwa mtu asiyemjua?” akasema. “Akae anapolelewa. Mdogo wenu amefanya kazi yangu miaka mitano bila kuniuliza kitu. Ila ajue nipo. Sina sharti jingine.”

Tukaenda kwa wakili pamoja. Aliomba maji kwanza anawe, akasema karatasi ya mwanawe isiingie doa. Idhini imo ndani ya bahasha hii, yenye sahihi na mhuri. Barua zake zote zimo pia. Sikuzifungua.

Najua kiapo changu cha uongo kinaweza kukuharibia pale dirishani. Ikibidi, wape jina langu na anwani yangu. Uongo ni wangu, si wenu.

Kaka yako

*

5 Mei

Kaka,

Shikamoo. Bahasha imefika, haikuraruka.

Miaka mitano mtoto ameniuliza baba yake yuko wapi, na miaka mitano nimemjibu sijui. Umenifanya mwongo bila mimi kujua. Leo siwezi kuandika zaidi ya hapa. Sikununii; hasira ikitulia nitakuandikia.

Msalimu wifi.

Kitinda

*

4 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa ile barua fupi. Goti la wifi linaendeleaje? Shemeji yako amefaulu mtihani wake wa umeme, na kusherehekea ameunguza kibaniko cha mkate. Chiriku ameanza tena kusimulia habari mezani. Juzi nimemwomba apumzike kidogo tusikilize redio, nikajishangaa mwenyewe, nikamwambia endelea.

Umeshatambua kwamba mambo yamekaa sawa. Basi nikueleze kwa mpangilio.

Tulikwenda dirisha namba saba tarehe nane Mei. Njiani shemeji yako alisema, kwa nia njema, tuseme baba ameonekana hivi karibuni, nani atajua? Nikakubali. Nilikubali mpaka nilipokaa mbele ya yule mama. Alizilaza karatasi mbili pamoja, kiapo chako na idhini, akavaa miwani.

“Hii inasema hajulikani alipo. Hii inasema yupo, na ni shemeji wa huyu huyu aliyeapa. Kweli ni ipi?”

Kaka, sijui nini kilinipata. Nilifungua mdomo kusema tulilopatana na shemeji yako, ikatoka habari ya mlango, na nyusi zenye rangi, na droo ya cherehani. Nilizungumza mpaka mtu wa nyuma yangu akakohoa. Shemeji yako alikuwa anatazama viatu vyake.

“Kwa hiyo kaka yako alidanganya,” akasema.

“Ndiyo.”

“Na wewe?”

“Mimi nimejua juzi, barua ilipofika. Hii hapa.” Nikampa barua yako yenyewe. Yeye hasomi lugha yetu, zile za wakili zilikuwa na tafsiri, lakini aliitazama, ukurasa baada ya ukurasa, pale ulipokata na pale wino ulipochuruzika.

Akavua miwani. Akanisukumia karatasi mbili nyeupe na kalamu. “Kaa pale mezani. Andika yote uliyoniambia, kwa mkono wako. Usifupishe, na usijipambe.”

Niliandika mkono ukanikakamaa. Alipopokea akabana karatasi zangu juu ya idhini, akapiga mhuri, akasema tu: “Kiapo cha zamani nitaandika kimefutwa na maelezo haya. Mkuu wangu ndiye ataamua. Nitampelekea mwenyewe.” Mpaka leo sijui jina lake. Kwenye dirisha wameandika namba tu. Lakini kila nikiomba dua, huyo mama wa dirisha la saba yumo.

Kibali cha Chiriku kimetoka tarehe ishirini na tisa. Barua ya kuacha kazi nimeichana vipande vidogo, nimevitupa kwenye pipa la maabara, nikaendelea kupima maji.

Sasa wewe. Nilikasirika, sifichi. Nilikaa siku kadhaa nikikugombeza kichwani, wewe hunijibu, na hilo likazidi kuniudhi. Halafu nikafikiri: ungeweza kuninyamazia mpaka Juni, na nisingejua maisha yangu yote. Barua zile ungeweza kuzichoma siku yoyote. Una jiko, una kiberiti. Hukuzichoma. Ukaenda nusu siku kusimama mbele ya mtu uliyemkosea, ukasema nisamehe watu wakisikia. Nakujua, Kaka, wewe ni mtu ambaye ukigonga kidole chako kwa nyundo unasema ni msumari uliokosea. Najua ilikugharimu nini. Asante. Nimeandika neno hili moja baada ya kufikiri mengi, na ni hilo hilo: asante.

Barua za baba yake nimempa Chiriku nikamwambia kila kitu, maana uongo wa kumkinga mtoto nimeona unapofika. Hakulia. Alizipanga kwa tarehe, akakaa ngazini akazisoma moja baada ya nyingine, na mimi nikakaa ngazi ya chini yake. Ni barua fupi. Anamweleza majengo: leo nimepaka darasa rangi ya maziwa, watoto wameingia kabla haijakauka, sasa ukuta una viganja vyao na mwalimu mkuu amesema tuviache. Mama yako alipenda kuimba akipiga pasi. Ukubwa wa mguu wako sasa ni ngapi? Kila barua inauliza ukubwa wa mguu.

“Kumbe na yeye anaongea sana,” Chiriku akasema. Akaomba karatasi.

Jibu lake limo humu, bahasha ya bluu. Ameifunga mwenyewe kwa gundi ya kutosha kushika kochi. Sijaisoma. Nakuomba umfikishie baba yake kwa mkono wako, si kwa posta.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda

*

2 Julai

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba, marahaba tena. Wifi yako amepewa dawa ya kuchua, goti limeanza kusikia adabu. Mpongeze shemeji, ila asiguse nyaya za nyumbani kwanza.

Neno lako nimelipokea. Nililisoma nikaikunja barua, nikashindwa kugonga msumari mpaka mchana. Mimi ndiye ninayekushukuru. Ungeweza kunitupa.

Bahasha ya bluu niliipeleka kesho yake. Wodi imekwisha, sasa anapaka ukuta wa nje. Niliposhuka kwenye basi sikusimama mbali. Nilikwenda moja kwa moja nikamkabidhi. Alitazama mwandiko wa juu kwa muda, akaenda kunawa ndipo akaifungua. Amesoma, akakunja, akafungua tena. Ndani kulikuwa na karatasi ya pili, mtoto amechora unyayo wake kwa kalamu kuuzunguka, mguu mzima, na vidole vyote. Aliuweka juu ya kiganja chake akaupima.

Nikadhani ataomba nimwache peke yake. Akaniuliza: “Pasipoti inaombwaje?”

Mimi sijawahi kuwa nayo, nitajuaje? Nikamwambia twende tukaulize. Alichukua ruhusa ya siku tatu, akalala kwetu. Wifi yako amempikia kana kwamba anampikia mtu aliyetoka safari ndefu, na kweli ndivyo. Ameingia karakana kwa mara ya kwanza, ameniambia rangi ya dari yangu ni aibu, na amesema ataipaka.

Asubuhi tukaenda ofisi ya pasipoti. Sasa nimeelewa uliyokuwa unanieleza: tiketi, viti, faili kifuani. Fomu ina kurasa nyingi. Macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo, ni vumbi la plasta la miaka yote hiyo, basi nikawa namsomea, naye ananiambia nijaze. Jina. Kazi. Mke: marehemu. Watoto: mmoja. Sababu ya safari nikauliza niandikeje, akasema, “Andika anataka kumwona mwanawe.” Nikaandika hivyo hivyo.

Karani alipoona mwandiko si wa mwombaji, akanitazama juu mpaka chini. “Na wewe mzee, ni nani wake?”

Kitinda, miaka mitano nimemwita “yule mtu” tu. Nilimwambia karani kwa sauti, ukumbi wote ulisikia:

“Mimi ni shemeji yake.”

Akaandika.

Kaka yako